Mbili Toa Saba

Wiki ya pili ya muhula mpya, Januari,
nimepanda ngazi darasa la tatu
kubadili taa inayolia kama nzi chupani.
Saa mbili na nusu asubuhi, na nje usiku mtupu:
huku kwetu, ncha ya kaskazini ya Norwe,
jua liliaga Novemba.

Watoto kumi na mmoja chini ya viatu vyangu.
Naona tosi zao tu.
Wa Sivert nywele wima kama brashi ya kusugulia sufuria,
wa Ailo umefichwa na kofia aliyokatazwa mara tatu,
na wa yule mgeni, Rugilė, umegawanywa kwa njia
iliyonyooka kuliko mstari wowote niliopiga kwa rula.
Mama yake anapasua samaki kiwandani, zamu ya usiku.
Mtoto hajatamka neno tangu shule ifunguliwe.

Ubaoni mwalimu Torunn ameandika
hamsini na mbili, toa ishirini na saba.
"Mbili toa saba?"
"Haitoki!"
"Basi?"
"Tunakopa!"
Wanakwenda kwa jirani, nyumba ya makumi,
wanapiga hodi, wanapewa kumi nzima
bila dhamana, bila shahidi, bila kuulizwa za nini.
Mbili inanenepa, inakuwa kumi na mbili.
Tano inakatwa, na juu yake nne, ndogo,
kama mtu aliyekondeshwa na wema wake.

Sivert ananyoosha mkono.
"Atamlipa lini?"

Torunn anatazama ubao.
Anatazama dirisha, ambamo hamna cha kuonekana
ila darasa lenyewe, na mimi ngazini.
"Kwenye kutoa," anasema, "hakuna kulipa."
Sivert anayaandika hayo daftarini.
Mimi, mwenye mkopo wa paa hadi nizeeke,
nilitaka kusema kitu. Nikakaza taa.

Kipindi cha sayansi ni kivuli:
kinazaliwa na nini, kinalala upande gani.
Wamesimika fimbo uani,
nami nimeonywa nisipitishe koleo pale.
Tarehe ishirini na moja jua likichungulia
watapima kivuli cha kwanza cha mwaka.
Kitakuwa kirefu, anawaambia Torunn,
kitavuka uzio, kitavuka barabara.
Wameazima kamba ya mita sitini bandarini.

Ishirini na moja: mawingu.
Ishirini na mbili: mawingu, na theluji inayokuja kwa ubavu.
Ishirini na tatu hakuna aliyeuliza.
Wenye kamba wakaja kuichukua.

Ishirini na sita, saa tano na nusu,
nairudisha ngazi stoo,
nikaona ukutani ngazi ya pili,
ya samawati, ikienda nami.
Nilisimama. Ikasimama.
Nikagonga dirisha kwa ngumi;
sikumbuki nilipayuka nini.

Walitoka na soksi.
Torunn mlangoni, "Viatu! Viatu!"
kisha naye yuko nje, na soksi.
Kamba haipo, wakapima kwa miili:
Ailo akalala chali, kisigino kwenye fimbo,
Sunniva akaunga kichwani pake,
akafuata Sivert, akafuata mwingine, na mwingine,
hadi Rugilė, wa kumi na moja, puani mwa uzio,
na kivuli bado kinaendelea.

Akainua shingo. Akaniona.
Akanyoosha kidole, akasema kwa lugha yetu,
wazi, kama aliyelitunza mfukoni wiki mbili,
"Tunakopa."

Nina miaka hamsini na minane na goti lisilokunjika.
Nililala.

Dakika saba, halafu jua likazama walikoliona likitoka.
"Deni bado kubwa," alisema Sivert, akijifuta theluji masikioni.

Jioni nilipiga deki korido nzima.
Kwenye kipasha joto cha darasa la tatu
palikuwa na soksi ishirini na moja.
Nikazihesabu tena, moja moja,
nikazima taa, ambayo hailii tena.